Kigingi cha Kumi na Sita

Kuna wanawake ambao wakiudhiwa na mwanamume hulia, kuna wanaokata nywele, na kuna wanaolala siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Chiriku yeye alipiga simu kwenye kampuni ya kuhamisha vyombo.

Alikuwa amemaliza chuo mwezi mmoja uliopita na amepata kazi katika maabara ya kupima maji, kwenye mji ulio mbali, safari ya siku nzima kwa gari. Vitu vyake wala havikuwa vya kuitia kampuni. Kitanda, godoro, meza, jiko la gesi, maboksi ya vitabu na kabati moja kubwa. Fundi, yule seremala mpenzi wake, angevipakia vyote kwenye pikapu ya karakana yake na kumfikisha, huku wakibishana njia nzima juu ya nani achague muziki. Lakini yeye na Fundi walikuwa hawasemeshani, wiki ya tatu sasa. Ndipo Chiriku akaona afadhali waje watu asiowajua, wenye sare na lori lenye maandishi ubavuni, wamtoe kwenye chumba kile na heshima zake zote.

Jina la Chiriku alilipata bwenini mwaka wa kwanza, kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika, likamganda hadi shangazi yake mwenyewe akalizoea. Ajabu ni kwamba siku ile alipoingia karakana na kusema, "Nimepata kazi, lakini ni mbali," na Fundi akaendelea kupiga randa bila kuinua macho, akajibu neno moja tu, "Nenda," Chiriku na maneno yake yote hakupata la kusema. Alichukua mkoba akatoka. Alingoja kuitwa pale mlangoni, akangoja barabarani, akangoja hata kwenye kona. Hakuitwa.

Sasa lori lilikuwa limeegeshwa chini tangu saa mbili asubuhi, na Chiriku hakuweza kukaa. Alizunguka chumba kama mtu aliyepoteza funguo. Alifungua boksi lililokwisha kupigwa gundi kutafuta chaja, kumbe chaja anayo mkononi. Alitazama simu, akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena.

"Hebu tulia, mwanangu," alisema Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho na mkoba mapajani. "Unanitia kizunguzungu."

"Nimetulia, Shangazi."

"Ukitulia ndiyo hivi, ukihangaika itakuwaje?"

Shangazi ndiye aliyemlea tangu baba yake Chiriku, kaka wa huyo shangazi, alipofariki. Alimsomesha kwa cherehani yake, na barua ya kazi ilipofika kwa anwani yake aliisoma mara tatu kabla ya kuipeleka. Alikuwa na kila haki ya kufurahi asubuhi ile. Hata hivyo alikuwa akitazama mlango mara nyingi mno kwa mtu mwenye furaha.

Msimamizi wa kampuni alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya akiba. Wapagazi wake wawili walimwita Bwana Orodha, naye hakuonekana kuchukia. Hakuna kitu kilichovuka kizingiti bila kubandikwa namba, na hakuna namba iliyoandikwa bila kusomwa kwa sauti.

"Namba saba, jiko la gesi, lina mkwaruzo upande wa kushoto. Dada, huu mkwaruzo umeuona?"

"Nimeuona."

"Saini hapa kwamba umeuona." Akageukia upande wa pili. "Mama, samahani, umekalia namba kumi na mbili."

"Na nitaendelea kuikalia mpaka kila kitu kiishe," alisema Shangazi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye namba thelathini na moja. Hilo lilikuwa kabati. Lilijaza ukuta mzima, kutoka dirishani hadi kona, upande mmoja nguo na upande wa pili vitabu, mbao zake nyekundu zimesuguliwa mpaka ukipitisha kiganja unasahau ulikuwa unatafuta nini. Wapagazi walilisukuma kidogo, wakalipima, wakapima mlango. Wakalipima tena kwa upande. Yule mrefu akajikuna kichwa.

"Bosi, hili halitoki."

"Liliingiaje?" akauliza Bwana Orodha.

Chiriku alijua liliingiaje. Liliingia vipande vipande mabegani mwa Fundi, ngazi kwa ngazi, Jumapili nne mfululizo, likizo ndefu ya mwaka wa pili. Yeye alikuwa ameketi kitandani akisoma kwa sauti madaftari yake ya kemia, na Fundi akimuuliza maswali ya kijinga makusudi ili asinyamaze.

"Lilitengenezewa humu humu ndani," alisema.

"Nilijua!" Shangazi akapiga mkoba kofi. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Amekujengea gereza, usitoke!"

"Likatwe basi," alisema Chiriku kwa hasira, na papo hapo akajuta.

Bwana Orodha alivua miwani kama aliyetukanwa. "Dada, kampuni haikati. Kampuni haibomoi. Kampuni inabeba. Kama unaliacha, andika hapa, 'nimeliacha kwa hiari yangu,' halafu utie saini."

Akampa kalamu. Chiriku akaishika. Akaandika "nimel" na mkono ukakataa. Wote walikuwa wakimtazama, pamoja na lile kabati. Aliirudisha kalamu, akachukua simu, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

Simu iliita mara moja tu.

"Kabati halitoki," alisema.

Upande wa pili msumeno ulizimwa.

"Nakuja," alisema Fundi.

Kutoka karakana hadi pale ni mwendo wa robo saa kwa anayetembea kawaida. Fundi alifika kwa dakika nane, na sanduku lake la vifaa, vumbi la mbao kwenye nyusi, na vifungo vya shati vimefungwa vibaya, kimoja kimeruka tundu lake. Chiriku aliona hicho kifungo kabla ya kuona kitu kingine chochote. Vidole vyake vikatamani kwenda kukirekebisha, akavificha nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Fundi.

Shangazi hakuitikia. Aliinuka kutoka namba kumi na mbili. "Kijana, mimi na wewe tuliongea nini?"

Fundi akatazama sakafu.

"Mliongea lini?" akauliza Chiriku.

Shangazi akajua ulimi umemponyoka. Alijishughulisha na zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga.

"Shangazi. Mliongea lini?"

"Siku barua yako ilipofika. Kabla sijakuletea, nilipitia karakana." Akanyoosha shingo. "Sikumtukana wala sikumfokea. Muulize mwenyewe."

"Ni kweli, hakunitukana," alisema Fundi.

"Sijauliza kama alikutukana!"

Bwana Orodha akakohoa kidogo. Alikuwa amehamisha nyumba nyingi, na bila shaka alijua kwamba vyombo vikitolewa ukutani, mengine nayo hutoka. "Jamani, lori haliruhusiwi mjini baada ya saa sita. Fundi, anza kazi. Na wewe mama, namba kumi na mbili inashuka sasa hivi. Ukitaka kuendelea kuikalia, itabidi ushuke nayo."

Shangazi alimtazama Chiriku, akaona uso ambao hajapata kuuona tangu amlee, akashuka.

Wakabaki wawili na kabati. Fundi alitoa nyundo ya mbao kwenye sanduku.

"Nisaidie kulivuta kutoka ukutani," alisema.

Walivuta pamoja, huyu huku na yule kule. Mgongo wa kabati ulipotokea kwenye mwanga, Chiriku aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka miwili ya kulala karibu nacho. Kila ubao ulikuwa na namba ya penseli, moja hadi kumi na tisa, kwa mwandiko ule wa Fundi uliolala upande. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila mahali ubao ulipokutana na mwenzake, ulimi wa mmoja ulikuwa umeingia kwenye tundu la mwingine, na kigingi cha mbao cha urefu wa kidole kimepitishwa kati ili visiachane.

"Hizi namba uliandika lini?"

"Nilipolitengeneza."

"Za nini?"

"Ili siku ya kulitoa nisichanganye." Aligonga kigingi cha kwanza, kikatoka bila ubishi, akamwekea kiganjani. "Mimi nilipima mlango kabla ya kupima ukuta. Mlango mdogo, na wewe ulishasema unataka kabati la ukuta mzima. Nikasema sitii msumari. Mwanafunzi kwenye chumba cha kupanga ni mgeni. Nilijua utaondoka, Chiriku. Tangu Jumapili ile ya kwanza nilijua."

Maneno hayo yalimchoma, na wakati huo huo yalimpoza, hata hakujua ashike lipi. Wiki tatu alikuwa amejiambia mtu huyu hakujali. Kumbe alikuwa amemtengenezea njia ya kutokea kabla hata hawajashikana mikono.

"Basi ulikuwa tayari zamani. Ndiyo maana 'nenda' ilikutoka kirahisi."

"Kirahisi?" Nyundo ikasimama hewani. "Ulipotoka pale niliendelea kupiga randa ubao ule mpaka ukaisha. Ulikuwa wa meza ya watu, nimebaki kuwapa visingizio hadi leo."

Chiriku karibu acheke. Hakucheka. "Shangazi alikwambia nini?"

Fundi aligonga cha pili, cha tatu. "Alisema, 'Ukimwambia abaki, atabaki. Nakuomba usimwambie.' Hakusema lingine. Nikamwahidi."

"Na wewe ukakubali tu!"

"Kwa sababu ilikuwa kweli. Ningesema baki, ungebaki. Ungevua viatu ukakaa. Na kila siku ningekuwa nakutazama ukiwa umekaa. Hilo ndilo lililoniogopesha, siyo shangazi yako."

"Mkaketi watu wawili," alisema Chiriku, na sasa sauti ilikuwa inapanda na machozi nayo, "mkanipanga kama hizi samani. Hiki kinaenda, hiki kinabaki. Mimi sikuulizwa!"

"Ungeulizwa ungesemaje?"

"Ningesema naenda!" Alipangusa uso kwa mkono wenye vigingi. "Ningekwenda, Fundi. Naipenda hiyo kazi. Sikuja karakana kuomba ruhusa, wala sikuja unizuie. Nilitaka uumie mbele yangu. Nikuone umeumia. Basi. Halafu tupange."

Fundi alifungua kinywa. Kwa muda mfupi ilionekana kama litatoka lile Chiriku alilokuwa akilisubiri tangu kwenye ile kona. Lakini wanaume wengine wana kiburi cha ajabu. Ukiwaambia udhaifu wao wanautafutia kazi ya mikono. Aliinama akavuta ubao namba kumi na mbili.

"Karakana yangu iko hapa," alisema chini chini. "Huko mimi simjui mtu. Lakini kabati lisikupe shida. Namba zipo. Fundi yeyote ataliunganisha."

"Fundi yeyote?"

Fundi akagonga kigingi kingine. Waliendelea hivyo, yeye anapokea, Fundi anagonga, mbao zinashushwa na wapagazi, na ukuta uliokuwa umefichwa unazidi kuonekana, mweupe kuliko wenzake. Kila mikono yao ilipokaribiana mmoja wao aliharakisha kuutoa wake. Kigingi cha mwisho kilikuwa cha moto kidogo kwa kugongwa. Chiriku alikifumba kiganjani, na badala ya kukitia kwenye mfuko na vingine, akashuka nacho.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kile kiti kando ya lori, katikati ya njia ya watu, kama anayesubiri kupigwa picha. Chiriku alisimama mbele yake.

"Kwa nini, Shangazi?"

Mama yule hakumtazama. "Niliwahi kuitwa chuo cha ualimu. Nilikuwa na miaka ishirini. Kuna mtu aliniambia baki, nikabaki." Alisawazisha mkoba. "Yeye mwenyewe hakubaki. Ndiyo hivyo tu. Sikutaka usikie neno hilo kutoka kwa mwanamume yeyote, hata akiwa mzuri."

"Ni mzuri, Shangazi."

"Najua ni mzuri. Mbaya nisingejisumbua kumfuata."

Hasira ya Chiriku ilitafuta mahali pa kushika, ikakosa. Alitaka kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja. Kabla hajaamua, Bwana Orodha akapaza sauti kutoka nyuma ya lori.

"Namba thelathini na moja, kabati. Vipande kumi na tisa, vipo. Vigingi kumi na sita." Akahesabu mfukoni. Akahesabu tena. "Vipo kumi na tano! Jamani, orodha haifungwi. Kuna kigingi hakipo!"

Wapagazi wakainama kutafuta ngazini. Fundi, aliyekuwa akishuka na sanduku lake, akaliweka chini. "Haiwezekani. Nimetoa kumi na sita kwa mkono wangu."

"Bila hicho kimoja litasimama?" akauliza Chiriku.

"Halisimami. Kikikosekana kimoja, vyote vinalegea."

"Haiwezekani kuchongwa kingine?"

"Fundi mwingine anaweza, lakini..." Alikuwa ameona mkono wa Chiriku uliofumbwa.

Chiriku alimwendea. Safari hii hakuficha vidole. Kwanza alifungua kile kifungo kilichoruka, akakitia kwenye tundu lake, mbele ya shangazi, mbele ya wapagazi, mbele ya mtaa mzima. Kisha akatia kigingi kwenye mfuko wa lile shati.

"Sitaki fundi yeyote," alisema. "Namtaka aliyeandika zile namba. Mimi naenda, sikungoji hapa wala sikuulizi kama niende. Lakini kule kuna ukuta mtupu. Ukileta hicho kigingi, tutaweka kabati na tutapanga mengine tukiwa tunaonana. Usipokileta, nguo zangu zitakaa sakafuni, na mimi nitajua."

Fundi aliweka kiganja juu ya mfuko, na uso wake, uliojikaza wiki tatu, ukaachia. Macho yalijaa maji hadharani, na yeye hakuyafuta. Chiriku alimtazama na moyo ukamjibu. Alikuwa ameumia. Ameumia sana, maskini wa watu, na sasa anaonekana.

"Sikulala," alisema Fundi. "Tangu siku ile, Chiriku. Nilikufuata mpaka kwenye kona, ulikuwa umeshapita."

"Nilingoja pale!"

"Basi nilichelewa."

"Usichelewe tena."

"Samahani," alisema Bwana Orodha, aliyekuwa amesogea na karatasi zake, kalamu ya akiba ikiwa tayari. "Kuna safu hapa, 'kitakachofika baadaye.' Inataka jina la mletaji na siku. Bila hivyo siwezi kuondoka."

"Mletaji ni mimi," alisema Fundi.

"Siku?"

Fundi alifikiri, akahesabu kwa vidole kazi za watu zilizomsubiri. Kisha akageuka, akamtazama mama aliyekaa kwenye kiti. Ahadi aliyoitoa alikuwa ameitoa kwake. Chiriku naye akageuka. Shangazi aliwaacha wasubiri kadiri alivyoweza. Akafungua zipu. Akafunga.

"Jumamosi ya pili," alisema hatimaye. "Mbao zisikae sakafuni mwezi mzima, mtu akajikwaa." Akainuka, akampa mpagazi mrefu namba kumi na mbili. "Na huyu kijana kabla ya kwenda, apitie kwangu kwanza. Aje na mkubwa wake mmoja. Nitakuwa nyumbani."

"Marahaba," akaongeza, kwa ile shikamoo ya asubuhi.

Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. Bwana Orodha aliangalia karatasi yake kwa wasiwasi. "Hilo la kupitia kwa mama, niliandike safu gani?"

"Andika popote," alisema Chiriku, anacheka na kulia, "ila liandike!"

Alimkumbatia shangazi yake mpaka mkoba ukaanguka. Kwa Fundi alinyoosha mkono tu, kwa sababu ya watu, lakini mkono ule ulichelewa sana kuachiwa. Kisha akapanda mbele ya lori na kujibana kati ya dereva na Bwana Orodha.

Kampuni ile ilikuwa na utaratibu wake. Kabla injini haijawaka, kila mteja lazima aulizwe swali moja, na jibu liandikwe. Bwana Orodha alifungua ukurasa wa mwisho.

"Dada, kuna kitu chochote ulichokiacha?"

Chiriku alitazama kwenye kioo cha pembeni. Fundi alikuwa amesimama palepale, shati limefungwa vizuri, kiganja juu ya mfuko.

"Kipo," alisema. "Lakini kiko kwenye orodha."